Motokaa Kuukuu Inaponuka

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya motokaa. Huenda mtu akauliza, "Mwalimu wa madrasa ana nini na motokaa?" Jawabu letu ni kwamba siku hizi katika nyumba nyingi za hapa Ngaramtoni, na Arusha mjini, na katika vijiji vinavyozunguka mlima Meru, iko motokaa kuukuu iliyotumika kwanza Japani kwa miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Baba huendea kazini, mama huendea sokoni, na watoto huchukuliwa nayo shuleni na madrasa. Aliyeinunua aliinunua kwa jasho lake, wala hana uwezo wa kununua mpya. Basi yampasa aijue hali yake kama mfugaji anavyoijua hali ya ng'ombe wake, maana wote wawili hawa, ng'ombe na motokaa, huugua wala hawana ulimi wa kusema. Ng'ombe hukataa majani. Motokaa hunuka na kufuka moshi.

Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, kwani si vizuri kuwaonya wenzetu kwa makosa ya watu wengine ilhali ya kwetu tumeyafungia sandukuni.

Madrasa yetu ina gari dogo la watu wanane, lililotengenezwa mwaka 1999. Siku moja ya Mfungo Sita tuliwachukua wanafunzi sita kwenda Longido kwenye maulidi. Wasafiri wa barabara ya Namanga wanajua kwamba kutoka Longido barabara hupanda mpaka Oldonyo Sambu, kisha ikiisha kuzunguka bega la mlima huteremka kuelekea Ngaramtoni na mjini. Tulikuwa tumechelewa, na Magharibi imekaribia. Katika mteremko ule mtoto mmoja wa miaka tisa, aliyekaa dirishani upande wa kushoto, alisema, "Maalim, kunanuka kama nywele zilizoungua." Tukamjibu, "Ni watu wanachoma mabua shambani, mwanangu. Funga dirisha." Akafunga. Baada ya kitambo akasema tena, na mara hii tukamkaripia, tukamwambia anyamaze adurusu somo lake.

Hatukupenda kusimama. Kusimama kungalituchelewesha, na pengine kungalitulazimisha kujua jambo ambalo hatukuwa na fedha za kulitengeneza. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, nasi twaisema kwa haya.

Tulipofika karibu na soko la Ngaramtoni, ilikuwa siku ya gulio, na watu na punda na pikipiki wamejaa kando ya barabara. Tulikanyaga breki, na mguu ukazama mpaka chini kama uliokanyaga matope. Gari halikupunguza mwendo. Tulishusha gea, tukavuta handibreki kidogo kidogo, nalo likasimama hatua chache tu kabla ya mama mmoja aliyekuwa akivuka na mkungu wa ndizi kichwani. Gurudumu la mbele la kushoto, lililo chini ya dirisha la yule mtoto, lilikuwa likifuka moshi.

Asubuhi yake fundi alilivua gurudumu lile akatuonyesha. Pistoni inayozibana pedi za breki ilikuwa imeshikwa na kutu, ikawa ikisukumwa hairudi. Pedi ziliendelea kusugua sahani ya chuma njia nzima. Joto likazidi hata mafuta ya breki yakachemka na kutoa mvuke ndani ya mirija. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana husukuma breki kwa nguvu. Lakini mvuke hubonyea kama puto, na dereva akikanyaga hukanyaga hewa. Kisha fundi akatuuliza, "Maalim, kwani haikunuka?" Tukasema, "Ilinuka." Akasema, "Basi iliwaambia mapema."

Maneno hayo machache yalituingia kuliko hotuba ndefu. Tangu siku ile tumekuwa tukiwauliza mafundi, na kuchunguza, na kuandika katika daftari letu, mpaka tumepata elimu kidogo ambayo twaona ni haki kuigawa kwa wasomaji.

Jambo la kwanza ni kujua kuuliza. Motokaa ikinuka, mwenyewe asikimbilie kubahatisha, bali ajiulize maswali manne. Harufu inafanana na nini? Yatokea wakati gani: asubuhi wakati wa kuwasha, au katika mpando, au katika mteremko? Inatoka upande gani: mbele penye injini, kwenye magurudumu, au chini penye bomba la moshi? Na kama pana moshi, rangi yake ni ipi? Mtu akiyapata majibu ya maswali haya amekwisha kumpunguzia fundi nusu ya kazi, tena amejikinga na fundi asiye mwaminifu, ambaye humfungulia mteja injini nzima kwa ugonjwa wa mkanda mmoja.

Na tuanze na harufu ya mpira unaoungua. Aghalabu hii hutoka kwenye mkanda unaozungusha feni au altaneta. Mkanda ukilegea au ukizeeka huteleza juu ya puli yake, ukasuguka na kulia kama ndege, hasa asubuhi. Wakati mwingine puli yenyewe imekwama, na mkanda unaburuzwa juu yake. Mkanda ukikatika, betri haipati umeme, na katika motokaa nyingi pampu ya maji nayo husimama, injini ikachemka. Tazama pia kama tairi linagusa bodi kwa sababu ya mzigo mkubwa au springi zilizochoka. Na wakati mwingine si ugonjwa hata kidogo: ni mfuko wa nailoni uliookotwa barabarani ukagandia kwenye bomba la moshi. Bomba likipoa, ukwangue, na harufu itakwisha.

Harufu ya pili ni ya oili iliyoungua, nzito, yenye kukereketa koo. Kama harufu ipo mbele, na moshi mwembamba waonekana ukitoka chini ya boneti, lakini bomba la nyuma halitoi moshi wa ajabu, basi oili inavuja nje ya injini na kudondokea mabomba ya moto. Mara nyingi mvujo huo ni wa gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, ambayo kwa miaka mingi imekaushwa na joto ikawa ngumu kama ngozi kavu. Gasketi hiyo si ghali sana, lakini asiyeibadilisha hujiwekea hatari, kwa kuwa oili ikidondokea mabomba yaliyopata moto sana yaweza kuwaka.

Lakini oili ikiunguzwa ndani ya injini, moshi hutoka nyuma, na rangi yake huelekea buluu. Hapa wakati wa kutokea ndio unaotoa ushahidi. Moshi ukitoka kwa wingi asubuhi injini inapowashwa, kisha ukakatika, sili za valvu zimechoka, na oili imechuruzika ndani usiku. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kupanda mlima, huenda ringi za pistoni zimelika. Motokaa ya namna hii haifi siku moja. Ila mwenyewe asipopima oili kila juma, itakwisha pasipo yeye kujua, na injini itasuguana chuma kwa chuma.

Harufu ya tatu huwadanganya wengi kwa kuwa ni tamu, mfano wa sukari iliyoungua au sharubati ya moto. Hii ni kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, inayovuja kutoka katika rejeta au mipira yake. Ni sumu: utamu wake huwavuta watoto na wanyama, na akinywa mtu huharibu figo zake. Ikimwagika uani isafishwe mara moja, wala isihifadhiwe katika chupa ya soda.

Kulanti ikiingia ndani ya silinda kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua, moshi mweupe na mzito hutoka nyuma bila kukoma hata injini ikiisha kupata moto. Fungua kifuniko cha oili wakati injini ni baridi: ukikuta utando mweupe mfano wa maziwa, maji na oili vimechanganyika. Lakini twaomba msomaji asitishike bure. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai hapa kwetu karibu kila motokaa hutoa moshi mweupe mwepesi, na maji hudondoka kwenye bomba. Huo ni mvuke tu, kama ule utokao kinywani mwa mtu akisema wakati wa baridi, nao hukoma baada ya dakika chache.

Hapa yafaa tutaje jambo la mlima wetu. Sisi tunakaa zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Maji yaliyomo katika sufuria ya wazi pwani huchemka kwenye digrii 100, lakini kwetu huchemka karibu na digrii 95. Mfuniko wa rejeta umetengenezwa kwa makusudi uyabane maji ndani yasichemke mapema. Mfuniko mbovu, au rejeta iliyotiwa maji matupu ya mfereji, huleta mchemko katika mpando wa Longido ambapo motokaa nzima ingalipita salama. Geji ya joto ikipanda, zima kiyoyozi, simama kando, zima injini, na ngoja nusu saa au zaidi. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa, maana maji yaliyobanwa huruka yakamchoma mtu uso.

Moshi mweusi una maana nyingine: mafuta ni mengi kuliko hewa. Jambo la kwanza la kutazama ni chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu za vijijini ni jembamba kama unga, nalo huziba chujio upesi. Mwenye motokaa ya petroli na aziangalie plagi. Mwenye ya dizeli, nozeli zake. Moshi mweusi ni fedha ya mwenyewe inayopeperuka hewani, na mapafu ya jirani ndiyo yanayoipokea.

Yako maradhi mengine mawili ya milimani. Klachi ikiteleza katika mpando, injini hulia sana na gari haliendi, na hapo husikika harufu kali mfano wa karatasi iliyoungua. Breki zikibanwa mfululizo katika mteremko hutoa harufu iliyotupata sisi. Dawa ya mteremko ni kushuka kwa gea ndogo, injini iwe ndiyo inayozuia mwendo, na breki zikanyagwe kwa vipindi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakiisha kulowa huchemka upesi. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Na ukiisha kusafiri, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu pasipo kuligusa. Moja likiwa na joto kupita mengine, hilo ndilo gonjwa.

Harufu mfano wa mayai yaliyooza huweza kutoka katika betri inayopelekewa umeme kupita kiasi. Betri ya namna hiyo huvimba na kutoa hewa inayoweza kulipuka. Usiisogelee na moto wala sigara.

Sasa twafika kwenye harufu mbili ambazo hazina subira. Ya kwanza ni ya plastiki au waya unaoungua, kali, yenye kuwasha pua. Hii ni ya umeme. Katika magari makuukuu waya huchubuka, au hukatwa na kuungwa ovyo na mtu aliyekuwa akitia redio au taa za ziada. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili waya upone. Wako watu ambao fyuzi ikikatika mara mbili huweka kubwa zaidi, au hukunja kipande cha waya mahali pake, wakafurahi kwamba taa zimewaka. Mtu huyo amemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele mwizi alipokuja. Ukisikia harufu hii zima injini, washushe watu, na kama hapana moto wala moshi mwingi, fungua nati ya waya hasi wa betri uutoe. Usiwashe tena mpaka fundi wa umeme aone.

Ya pili ni ya petroli mbichi. Petroli haiungui kwa utulivu. Mvuke wake huenea chini chini na kungojea cheche moja. Nchi yetu imekwisha kupata somo lake. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuyachota, na moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Motokaa yako haibebi mafuta kiasi kile, lakini petroli iliyomo katika mpira uliopasuka ni ile ile. Ukiisikia harufu yake, zima injini, washushe watu wote, wapeleke mbali, wala asiwepo wa kuvuta sigara wala wa kuwasha injini ili kujaribu.

Lakini kuna hatari moja ambayo haina harufu kabisa. Katika moshi wa motokaa imo hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Bomba la moshi likitoboka chini ya sakafu, au mlango wa nyuma ukiachwa wazi kwa ajili ya mzigo, hewa hii huingia ndani. Abiria huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Mzazi hudhani watoto wamechoka na safari. Basi watoto wote wakisinzia au wakitapika kwa pamoja, simama, fungua milango, watoe nje wapate hewa safi, na asiyezinduka vizuri apelekwe hospitali. Wala gari lisiachwe likiunguruma katika banda lililofungwa.

Na moto ukiwaka kweli, ifanyweje? Kwanza simama, zima injini, na washushe watu kabla ya mizigo. Wapeleke mbali, hatua 50 au zaidi, upande usio wa magari wala wa upepo wa moshi. Boneti isifunguliwe kwa pupa, maana hewa ikiingia kwa ghafula moto huruka. Mwenye mtungi wa kuzimia moto wa unga, kama moto ni mdogo, aulenge chini ya moto kupitia upenyo mdogo. Maji yasimwagwe juu ya petroli wala oili inayowaka, kwani huutawanya moto. Ukiwa mkubwa uacheni uteketee. Piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Motokaa hununuliwa tena.

Tunajua maneno ya wasomaji wengi, kwa kuwa yalikuwa maneno yetu. "Fedha hakuna, ada za shule zimefika, tutaiangalia mwezi ujao, mbona imetufikisha siku zote?" Hatuwalaumu wanaosema hivyo. Lakini tulipofanya hesabu ya kisa chetu tuliona kwamba kusafisha ile pistoni na kubadilisha mafuta ya breki mapema kungaligharimu sehemu ndogo ya tulichokuja kulipa, kwani sahani, pedi na beringi zote ziliharibika kwa joto. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiyeweza kutengeneza leo, basi na asisafiri leo. Daladala za mjini zipo, na miguu ipo.

Zaidi ya fedha, ipo amana. Mzazi anapomtia mwanawe katika gari letu ametukabidhi kitu kisicho na bei. Sisi watu wa Arusha hatujaisahau tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule lilipotumbukia bondeni huko Rhotia, wilaya ya Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Kila abebaye watoto na aikumbuke siku ile kila anaposhika ufunguo, na kabla ya kuwasha achungulie chini ya gari kama kuna tone, apime oili na maji, na aikanyage breki mara moja kabla gari halijaondoka. Kazi hii haizidi dakika tano.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Kosa letu kubwa siku ile halikuwa pistoni yenye kutu, maana kutu humshika kila mzee. Kosa letu lilikuwa kumnyamazisha mtoto. Dereva huizoea harufu ya gari lake hata asiisikie tena. Mtoto pua yake ni safi, na husema alichokisikia bila kuhesabu gharama. Juma lile lile tulimwita mbele ya wenzake tukamwomba radhi, naye akainamisha kichwa kwa haya asijue la kusema. Sasa katika gari letu iko kanuni: yeyote atakayesikia harufu aseme, hata kama amekwisha kusema mara moja, na dereva atasimama. Mara tatu tumesimama bure. Mara mbili ilikuwa kweli mabua ya shambani, na mara moja mtu alikuwa amekaa na mkate wa kumimina uliounguzwa. Tulicheka, tukaendelea na safari yetu.

Twaomba kila nyumba yenye motokaa iiweke kanuni hiyo.